Sauti ya Teko

Muthoki alikuwa ameshakunja nguo zilezile mara mbili tangu katuni ianze. Alikaa, akainuka, akaenda jikoni kuangalia maharagwe ambayo hayakuhitaji kuangaliwa, akarudi. Mumewe, Kahiga, alikuwa kwenye kochi, macho kodo kwenye televisheni. Simu yake alikuwa ameshaiegemeza kwenye kopo la mafuta ya kupikia, kwa sababu hapo ndipo hurekodia maoni yake kuhusu katuni zinazotokana na gemu. Wanaomfuata mtandaoni wanaujua ulimi wake. Katuni ikimchosha, huianika bila huruma.

Na hii ya leo, Mbio za Korongo, iliyotoka asubuhi kwa Kiswahili, ilikuwa na jambo ambalo Kahiga hakulijua. Sauti ya Teko, yule kijana shujaa, ilikuwa ya Muthoki.

Muthoki huuza nyanya zinazotoka Kimana hapo sokoni Kitengela. Nusu ya spika za soko hulia kwa sauti yake, maana wauzaji wenzake humwomba awarekodie matangazo. Mtu wa studio alipita, akaisikia, akamtafuta mwenyewe. Muthoki aliahidi kunyamaza mpaka katuni itoke. Sasa imetoka na bado amenyamaza, na hapo wa kulaumiwa ni kiburi chake tu. Alitaka Kahiga amsifu bila kujua anamsifu nani. Sifa za soko zima alikuwa nazo, ila alizozitamani ni hizi.

"Kwani leo uko na nini? Si ukae chini," Kahiga alisema bila kugeuka.

"Unaionaje?"

"Michoro iko sawa. Lakini huyu Teko..." Akatikisa kichwa.

Muthoki akarudi kwa maharagwe.

Katuni ilipokwisha, majina ya waliohusika yakaanza kupanda, na Kahiga akayaruka papo hapo. Mcheza gemu hasubiri majina. Akishamaliza hatua moja, kidole chake kiko kwenye inayofuata. Akawasha simu, akakohoa. Muthoki akasimama nyuma ya pazia la jikoni, mwiko mkononi, roho juu juu.

"Wasee, niwaambie ukweli. Kwa gemu, Teko haongei, anaguna tu. Lakini mimi nishamsikia akiongea. Kitambo, kabla tuoane, tulikuwa tunacheza kwa kibanda cha gemu na bibi yangu alikuwa anamwekea maneno. Teko akizingirwa, anasema, 'Nimechoka kukimbia, si mkuje tu tumalizane!' Tulicheka mpaka tukafukuzwa. Sasa huyu wa katuni anaongea ni kama amemeza kamusi. Hana moto. Wangechukua bibi yangu, hii katuni ingekuwa ingine."

Muthoki alipandwa na hasira kwanza. Kamusi! Kisha akamkumbuka yule msimamizi wa studio aliyekuwa akimkatiza kila sentensi, hapana mama, rudia, usiseme "mkuje", sema "njooni", mpaka maneno yakatakata na yakaacha kuwa yake. Kahiga alikuwa amesikia sawasawa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, na bado alitaka kucheka.

Akavuta pazia.

"Nimechoka kukimbia," alisema, polepole, kwa sauti ileile ya Teko wa katuni, kama alivyofundishwa studio. "Njooni basi, tumalize."

Kahiga alimtazama mkewe, akaitazama televisheni iliyonyamaza, akamtazama mkewe tena. Akachukua rimoti, akarudisha majina nyuma, akayasoma midomo ikichezacheza mpaka akafika kwa Teko, akalikuta jina la mkewe. Akainamisha kichwa.

"Ngai wangu! Muthoki. Wacha nifute."

"Usifute. Umesema ukweli na umeniumiza, yote mawili." Akaketi kando yake, akatulia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaisogeza simu iwaone wote. Ilikuwa bado inarekodi. "Sasa waambie Teko ni nani."