Kigingi cha Katikati ya Uwanja

Mnisamehe kwa mwandiko wangu uliopinda na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la nane, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima.

Kwetu Lugari, chini ya shamba lililokuwa la mzungu, kuna uwanja wa ndege wa nyasi. Ndege huja mara chache, kwa hiyo tunafunga ng'ombe pale. Rubani hupita kwanza chini chini, kila mtu anang'oa kigingi chake na kuvuta ng'ombe pembeni, kisha ndege inazunguka na kutua.

Jirani yetu mmoja alizoea kufunga katikati, penye nyasi nzuri. Watu walimkanya, yeye akacheka tu. Siku hiyo hakuja. Nikafunga ng'ombe wetu mahali pake, nikagonga kigingi kwa jiwe mpaka kikazama.

Ndege ndogo ikapita. Wengine wakang'oa. Changu kilikataa. Wanaume walikuwa karibu, kila mmoja akihangaika na ng'ombe wake, lakini niliona haya kuwaita. Nilivuta mpaka viganja vikatoka damu. Ndege ikarudi, magurudumu yakawa karibu kugusa nyasi, ndipo rubani akamwona ng'ombe. Injini ikanguruma, ndege ikainuka upande, bawa likapiga mikaratusi. Ikapinduka kwenye mahindi, ikawaka. Rubani alikuwa peke yake. Tulimsikia akigonga kioo. Wanaume wawili walishika mlango, ngozi ya mikono yao ikabaki kwenye chuma. Kisha kugonga kukakoma.

Ng'ombe alikuwa amekata kamba kwa hofu, akakimbilia nyumbani watu wote wakitazama moto. Kigingi kilibaki na kipande cha kamba.

Jirani alikuja mbio alipoona moshi.

"Huyu hapa! Si tulikwambia, wewe mzee?"

"Ng'ombe zangu ziko nyumbani, jamani! Nendeni muone!"

"Nani mwingine anafunganga hapo katikati?"

"Leo cheka tuone!"

Mwanaume mmoja aliking'oa kile kigingi kwa mkono mmoja, akampiga nacho usoni. Wengine wakaja na fimbo na mateke. Nilisikia meno yakivunjika. Nilikuwa hatua tano tu kutoka pale. Nilificha viganja vyangu vyenye damu nyuma yangu. Walipiga mpaka mke wake alipokuja akamlalia juu, naye wakampiga mgongoni mara mbili kabla ya kuacha.

Sasa jirani anaona kwa jicho moja. Bado huwaambia watu kwamba ng'ombe zake zilikuwa nyumbani, nao humcheka. Mimi hunisalimia vizuri, huniuliza, "Mama hajambo, binti yangu?" Nimeenda kwake mara mbili kumwambia ukweli. Mara zote mbili niliishia kuomba chumvi.

Wewe unayesoma, tafadhali niandikie. Nimwambie yeye kwanza, au niwaambie waliompiga, yeye akiwepo? Na neno la kwanza liwe lipi? Andika hata mistari miwili. Nitaisoma polepole, kisha nitaenda.