Mgongo wa Zélie

Sidonie Barrault aliishi kwa kuokota masuke yaliyosazwa na wavunaji, na ulimi wake ulijulikana hadi ng'ambo ya msitu. Kiangazi kile alipomwona mchoraji Tavernot ameketi ukingoni mwa shamba, daftari magotini, akiwachora maskini walioinama, alichemka. Wenzake Paris wanachora malkia, huyu kaja kututangazia matope yetu! Akamwamuru bintiye, Zélie, "Mpe mgongo. Asiuone uso wako na matambara hayo."

Zélie alikuwa mtoto mtiifu. Alimpa mgongo msimu mzima.

Novemba homa ikamuua kwa siku nne, akiwa na miaka kumi na tisa. Kwa desturi ya msiba saa ya ukutani ikasimamishwa, kioo kikafunikwa shuka, seremala akaja kupima maiti. Ndipo Sidonie alipokumbuka kwamba hana hata picha moja ya mwanawe, na jeneza litafungwa adhuhuri. Akatoka mbio kichwa wazi hadi kwa Tavernot, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimtemea mate njiani.

Tavernot alikuja bila kinyongo. Akaketi kando ya kitanda, akachora upesi kwa kipande cha mkaa. Sidonie akachungulia: mashavu yamebonyea, midomo imekauka, kope zimefungwa. Ilikuwa maiti hasa, na haikumfaa kitu.

"Mfumbue macho, Bwana," alisihi. "Yalikuwa ya kahawia. Na akicheka, ana mwanya hapa mbele."

"Sikuwahi kumwona akicheka, Mama Barrault. Nikibuni, nitakuchorea binti mwingine."

"Nibunie tu. Nani atajua?"

"Wewe."

Sidonie alimchukia kwa neno hilo, maana lilikuwa kweli.

Wakatoka chumbani kumpisha seremala, na mchoraji akafungua daftari lake la Agosti. Zélie alijaa humo tele: kabeba tita, kainama, kajishika kiuno kwa uchovu. Kila ukurasa, mgongo. Sidonie alikitambua kiraka cha begani, alichokikata mwenyewe kwenye pazia kuukuu.

"Kila nilipohamia upande wa pili, naye aligeuka," alisema Tavernot. "Nilidhani ana haya."

"Hakuwa na haya. Ni mimi niliyemwambia."

Mchoraji akachana ukurasa mmoja, akampa. Chumbani seremala alikuwa ameanza kupigilia misumari. Sidonie aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kisha akaigeuza, akautafuta uso upande wa pili.