Nilimtangazia Nabwire Kifo, Naye Alikuwa Hai

Nilikosa. Na tafadhali, asije mtu kuniambia kwamba ulikuwa utani tu. Nimeshaambiwa hivyo na wengi, na wote ni wale waliocheka.

Jina langu halitawasaidia. Ninaishi Malaba, karibu na foleni ya malori, na ninaandika riwaya. Ndivyo ninavyojitambulisha, ingawa riwaya yenyewe haina mwisho na hakuna aliyeniomba niiandike. Nilichokuwa nacho kweli ni kundi la WhatsApp la washairi na wasomaji wa mpakani: wa Busia, Malaba, Bumala, na wachache wa ng'ambo, Uganda. Nilikuwa admin. Ah, mngeniona! Nyumbani sikuwa na amri hata juu ya kuku, lakini mle ndani nilikuwa mfalme.

Sheria kubwa ilikuwa moja: hakuna kufanya biashara. Anayetangaza bidhaa anatolewa, Jumapili anarudishwa. Adhabu ndogo kabisa. Ilitosha kumwandikia mtu kwamba umekosea hapa, pumzika kidogo, Jumapili nitakurudisha.

Lakini mimi ni msanii! Niandike kama karani?

Nikabuni mtindo wangu. Huku kwetu tumekua tukisikiliza matangazo ya vifo redioni. Kwa majonzi makuu, binti ya fulani, mjukuu wa fulani, dada yao fulani na fulani. Sauti ile ikianza, nyumba nzima hunyamaza, hata kijiko hukaa hewani, kila mtu akisubiri kusikia kama jina litakuwa la kwao. Ule unyamavu mtakatifu niliuchukua nikaufanyia mzaha. Kila niliyemtoa, nilimtangazia kifo. Kisha nilituma ujumbe wa pili, mfupi, peke yake, kama kengele ya Pasaka: "Atafufuka Jumapili."

Walicheka hao! Watu wazima, walimu, mtu na shahada yake! "Boss, we ni noma." "Boss, nizike na mimi." Hawakuwahi kusifu shairi langu hata moja, lakini matangazo yangu waliyasambaza mpaka Kampala. Nami nikadhani nimepata wasomaji.

Nabwire aliuza samaki sokoni Busia, na alituandikia mashairi mazuri kuliko yangu. Hilo nililijua tangu mwanzo, na lilinikera. Alhamisi moja mchana akaandika kundini: "Niko ziwani Osieko, samaki mbuta ni wazuri leo. Kesho napitia Rukala kwa kukhu, halafu Busia. Anayetaka aseme." Kukhu ni nyanya yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga.

Nilifurahi. Nakiri, nilifurahi! Hatimaye mshairi wetu amekuwa mchuuzi mbele ya watu. Nikamtoa palepale, kisha nikakaa kuandika kwa mapenzi yote.

"Kwa majonzi makuu tunatangaza kifo cha dada yetu Nabwire, mjukuu kipenzi wa kukhu wa Rukala, kilichotokea ghafla leo huko Osieko. Ziwa limemchukua na nyimbo zake. Watakaomkosa ni wengi."

Ziwa limemchukua! Niliipenda sana sentensi hiyo. Niliisoma kwa sauti.

Ujumbe wa ufufuo ukafuata. Lakini mtu mmoja wa Bumala aliona kichekesho kiko kwenye ule wa kwanza, akausambaza huo peke yake. Kabla jua halijatua ulikuwa umefika kwa mjomba wa Nabwire, mzee ambaye hajui kama duniani kuna kundi letu.

Na Nabwire mwenyewe? Angejuaje? Nilikuwa nimemtoa kwanza, ndipo nikatangaza. Niliwaambia watu wote isipokuwa yeye! Simu yake ilikuwa imeisha chaji, naye akalala kwa rafiki yake pale ufuoni. Jamaa zake walipiga na kupiga, wakawa wanaambiwa hapatikani. Kwa mtu aliyeambiwa ziwa limemchukua, hilo lilikuwa jibu tosha.

Ijumaa, Emojong, admin mwenzangu, akanipigia.

"Boss, uko wapi? Rukala watu wanalia."

"Wanamlilia nani?"

"Si yule uliyemuua jana!"

Tulikodi pikipiki. Tulipofika, hema lilikuwa limesimamishwa na sufuria zilikuwa motoni. Mjomba alisimama katikati ya waombolezaji, simu mkononi, akisoma tangazo langu kwa sauti ya redioni. Alipofika kwenye ziwa, kina mama wakaanguka chini.

Na hapo, Mungu anisamehe, kabla sijaogopa, nilisikia fahari. Kidogo tu. Lakini niliisikia.

Nilimvuta mzee kando, nikamweleza.

"Kwa hivyo hakufa?"

"Hapana, mzee. Alikuwa amesimamishwa tu. Mpaka Jumapili."

"Amesimamishwa wapi?"

"Kwenye simu, mzee. Nilimsimamisha kwenye simu."

Mzee hakuwa amenielewa bado pale Nabwire alipofika. Alishuka kwenye bodaboda na beseni lake la samaki, akamuuliza dereva, "Nani amekufa kwetu?" Mayowe yaliyotoka hapo siwezi kuyaandika. Akatupa beseni, akakimbilia langoni.

"Simama hapo hapo!" wazee wakafoka. "Usiingize mguu! Umeliliwa, mtoto."

Kwao mtu aliyeliliwa akiwa hai haingii boma hivi hivi. Mpaka kondoo achinjwe langoni, na mpaka hapo asishikwe na mtu. Na kondoo hakuwepo. Akatafutwa huko kwa majirani, wakati Nabwire amesimama nje ya ua, na samaki wake wametapakaa vumbini.

Kukhu alitolewa nyumbani ameshikwa mabega. Sauti ilikuwa imemkauka. Alifika kwenye ua, akasimama upande wa ndani.

"Nabwire, ni wewe?"

"Ni mimi, kukhu."

"Sema tena."

"Ni mimi."

"Sema tena, mjukuu wangu."

Waliendelea hivyo mpaka kondoo akafika, jua likizama. Kukhu hakuruhusiwa kumgusa, basi alikuwa akimsikiliza.

Baadaye Nabwire alinijia. Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nilikuwa na majibu mazuri.

"Kaka, si ungeniambia tu?"

"Ningekurudisha Jumapili."

"Ungeniambia. Ningenyamaza mpaka Jumapili. Shida iko wapi?"

Aliokota beseni lake, akaondoka.

Tangu siku ile kukhu hamruhusu kukanyaga Osieko. Nabwire akilitaja ziwa tu, kukhu humshika nguo asiondoke. Biashara ya samaki imekwisha, na hajaandika tena hata mstari.

Jumapili nilimrudisha kundini, kama sheria inavyosema. Mjue watu ninaowaongoza: "Amefufuka! Haleluya!" Vicheko juu ya vicheko, na wengine walikuwa wamesikia yote. Chini yake ukatokea mstari mmoja: Nabwire ameondoka. Nao wakauchekea huo pia.

Ninyi mnaoongoza makundi, mlio kama mimi, vifua mbele kwa sababu mna kitufe cha kumtoa mtu, nisikieni! Ukimfungia mwenzako, mwambie yeye kwanza, faraghani, kwa maneno makavu. Kosa ni hili. Utarudi siku fulani. Basi! Usitafute sifa juu ya adhabu ya mtu.

Maneno yangu mimi yalikuwa matamu. Yalisomwa kwa sauti mbele ya umati, na kila mtu akalia machozi ya kweli. Mwandishi gani hapa mpakani amewahi kupata wasomaji kama hao?