Waraka wa Siku Kumi na Nne

Kama umewahi kuwa daktari wa mifugo mahali ambako lami inakwisha kilomita tisini kabla hujafika, basi unamjua Mama Rudia hata kama hujawahi kumtia machoni. Uliandika makala kuhusu ndama waliokufia mikononi mwako, ukajiona umeandika jambo zito, ukalituma. Baada ya wiki tatu makala ikarudi ikiwa na neno moja juu ya ukurasa wa kwanza: rudia. Chini ya neno hilo zilifuata kurasa tatu za maelezo, kwa mwandiko wa duara wa mwalimu wa darasa la kwanza. Ulimtukana kimoyomoyo, ukarudia, ukatuma, ikarudi tena. Mara ya nne au ya tano ndipo ulipogundua kwamba sasa unajua kuandika, na ukaona haya kwa yale matusi.

Mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke mfupi, mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita mkono huo ndio uliozalisha ng'ombe wa watu kabla hajahamishiwa ofisini. Chama cha wanataaluma wenzake kilikuwa na majarida mawili. Jarida kubwa lilikuwa la maprofesa, limejaa majedwali, na sentensi zake hukuacha umeishiwa pumzi. Jarida dogo lilikuwa la wale wanaokanyaga mavi kila siku. Hilo ndilo alilokuwa akilihariri yeye, na naapa kwamba lilisomwa mara kumi zaidi ya lile jingine, maana nimeliona likiwa limechakaa kwenye dashibodi za magari ya kazi, huku jarida kubwa likikaa kabatini na nailoni yake.

Yote mawili yaliongozwa na bodi moja ya wahariri, watu saba. Mama Rudia alikuwa mjumbe na pia katibu, na anayejua vikao anajua kwamba katibu ni jina la heshima la punda. Yeye ndiye aliyetafuta wahakiki wa kila makala, akawabembeleza, akawakumbusha, akaandika muhtasari na kufungua madirisha ya chumba cha kikao. Kazi ya jarida aliifanyia nyumbani, kwenye meza ya kulia. Mumewe, seremala asiye na maneno mengi, aliliita lile jarida "mume mwenzangu". Mgeni akibisha akamkuta mama ameinamia karatasi, seremala humwambia asimsumbue, leo si zamu yake. Hata hivyo, meza ile aliiongezea droo mbili kwa mikono yake, na meza ya kulia haina haja na droo.

Sasa nije kwenye utaratibu, kwa maana kisa chote ni huo utaratibu. Bodi ilikutana mara mbili kwa mwaka, na hapo ni ikitimia akidi ya watu wanne. Kuwapata hao wanne ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kuomba posa. Mmoja yuko safarini, mwingine ana kikao kingine, wa tatu simu yake inaita tu. Makala moja kuhusu vidonda vya punda ilingoja uamuzi miezi kumi na minne, mpaka mwandishi wake akastaafu na punda wenyewe wakafa. Mama Rudia alichoka. Akaja na pendekezo: kati ya kikao na kikao, mwenyekiti au katibu anaweza kutuma waraka kwa wajumbe, na yeyote ambaye hatapinga kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne atahesabiwa amekubali. Walipitisha kabla chai haijapoa. Hakuna aliyeuliza swali.

Kwa miaka kumi na miwili utaratibu ule ulikwenda vizuri ajabu. Alituma nyaraka tisini na kitu, na hakuna hata mmoja uliopingwa. Toleo lilitoka kwa wakati, madaktari wa mbali wakasomana, na katibu akatembea kichwa juu. "Wananiamini," alimwambia mumewe. Seremala aliuliza nani kamwambia hivyo, akanuniwa siku mbili. Mimi ningemuuliza swali lilelile, na ningenuniwa vilevile, kwa sababu hakuna mtu anayependa kuulizwa msingi wa nyumba anayoishi.

Kisha akaja mwenyekiti mpya, profesa mwenye sauti laini, ambaye walisoma naye darasa moja. Huyu ni mtu wa kukuvika kilemba cha ukoka nawe ukaenda nacho sokoni. Alitaka chama kiwe na jarida moja tu. Makala za jarida dogo hazina takwimu za kutosha, alisema, na zinatushushia hadhi kwa wanaopanga majarida kwa madaraja. Alilisema hilo mara moja tu, kikaoni, naye Mama Rudia akasimama akazungumza dakika arobaini bila maji. Mwenyekiti akatabasamu, akasema basi tuliache. Likaachwa. Mama alirudi nyumbani akiwa ameshinda, akamsimulia mumewe hotuba yote tangu mwanzo, na seremala akaisikiliza yote, masikini.

Wakati huo Mama Rudia alikuwa na jambo moja moyoni. Madaktari kumi na mmoja, wa vituo kumi na kimoja visivyojuana, walikuwa wameona kitu kilekile: mbuzi wanaochanjwa katikati ya ukame wanakufa sawa na wasiochanjwa. Kila mmoja alidhani ni kosa lake. Mama Rudia peke yake, kwenye meza ile yenye droo, ndiye aliyeziona makala zote kumi na moja na kuelewa kwamba hawa watu wanasema neno moja. Alitaka toleo maalumu. Aliomba kwa miaka miwili, maana fedha za toleo la ziada huidhinishwa na mwenyekiti. Wakati akiomba aliwarudishia kazi zao kwa zamu, na mmoja wao, bwana wa nyanda kavu aliyeandika kwenye daftari la shule na kulipiga picha ukurasa kwa ukurasa, alirudishiwa mara nane. Hakulalamika. Kwa misimu mitatu alikuwa amehesabu mizoga yote kwa mguu, na alitaka mtu mwingine ajue.

Jumatatu moja asubuhi, ofisini, kati ya mgeni mmoja na mwingine, waraka uliingia kwa barua pepe. Mara hii ulitoka kwa mwenyekiti. Kichwa chake kilisema: Toleo maalumu na marekebisho mengine ya taratibu. Kifungu cha kwanza kilisema bodi inaridhia toleo maalumu la mbuzi, makala kumi na moja, pamoja na shukrani kwa mhariri kwa uvumilivu wake. Mama Rudia alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Machozi yakamtoka mbele ya mgeni. Waraka ulikuwa na kurasa nne, lakini nani anasoma marekebisho ya taratibu siku ya furaha? Yeye ambaye katika miaka yote hiyo hakuwahi kuona mtu akijibu waraka, aliketi akajibu: "Naafiki yote, kwa moyo mmoja. Mungu awabariki." Akabonyeza, ukaenda. Kisha akampigia bwana wa nyanda kavu, na wakacheka pamoja kwenye simu kwa muda mrefu.

Siku hamsini baadaye alikwenda kwa mpiga chapa kuulizia karatasi za jalada. Mpiga chapa, mtu waliyezoeana kwa miaka, alimtazama kwa mashaka akasema kazi hiyo imefutwa. Akavuta faili, akatoa barua ya chama, na nyuma yake waraka ule. Mama aliufunua mpaka ukurasa wa nne, pale pale kaunta, mashine zikinguruma. Kifungu cha saba kilisema kuanzia toleo lijalo jarida dogo linaunganishwa na jarida kubwa. Makala zote zilizokwisha kukubaliwa zitapimwa upya kwa vigezo vya jarida kubwa. Na nafasi ya mhariri wake inakoma, kwa shukrani. Alisoma mara tatu. Mpiga chapa alimletea kiti, hakukikalia.

Aliitisha kikao, na kwa mara ya kwanza tangu mwenyekiti yule aingie, wajumbe walitimia wote saba. Chumba kilikuwa kilekile, feni ileile inayolia, picha za wenyeviti waliopita ukutani. Mama Rudia alisema waraka ule ubatilishwe, kwa sababu umeficha kifo nyuma ya harusi. Alisema kwa sauti ya chini. Mwenyekiti alimwacha amalize, tena akamsogezea maji.

"Dada yangu," alisema, "nimefuata utaratibu wako hatua kwa hatua. Nilingoja siku kumi na nne, nikaongeza na ya kumi na tano. Katika watu wote, jibu lililokuja ni moja." Akavaa miwani, akalisoma lote, mpaka baraka ya Mungu.

Hapo mtu mwenye adabu angeangalia pembeni. Mama Rudia aliwageukia wale watano waliobaki, mmoja mmoja, akawauliza kama waliusoma. Wanne walipekua makaratasi yao kana kwamba jibu limo humo. Wa tano, mtaalamu wa kuku, mzee kuliko wote, ndiye aliyekuwa na uungwana wa kufungua mdomo.

"Daktari, sisi nyaraka zako hatujawahi kuzisoma. Hata ule wa kwanza. Tulijua wewe umeshazisoma."

"Huu haukuwa wangu."

"Ulikuja kwa anwani ileile ya bodi."

Alikusudia kumfariji, yule mzee. Lakini neno lile lilimwingia mama kuliko la mwenyekiti. Miaka kumi na miwili alidhani anabebwa na imani ya watu, kumbe jarida lake liliishi kwa sababu hakuna aliyelitazama, na limekufa kwa sababu hiyo hiyo. Mwenyekiti hakubuni chochote. Alichukua kisu alichokikuta kimenolewa, mpini umemwelekea. Kikao kiliahirishwa saa sita kasoro, na muhtasari, kwa kuwa katibu ni katibu, aliuandika yeye.

Jarida kubwa lilizipima zile makala kumi na moja. Lilichukua moja, ya daktari aliyekubali jina la profesa litangulie lake. Kumi zilirudishwa kwa barua ya mistari miwili.

Simu ya bwana wa nyanda kavu ilikuja jioni, jua bado liko juu, seremala anapiga randa ubao uani. Alisalimia kwa utulivu, akauliza habari za nyumbani, habari za mzee. Kisha akasema barua ameipata, ila hajaielewa. Alitaka kujua ni nani aliyekubali jambo la namna hii lipite.

Mama Rudia aliifunika simu kwa kiganja, akamweleza mumewe swali hilo. Seremala aliacha randa. "Mwambie ni bodi," alisema. "Si uongo. Bodi ndiyo iliyoamua."

Alifikiri. Ilikuwa kweli, na ingetosha, na bwana yule angeilaani bodi kama wote tunavyozilaani bodi, kisha angempa pole na kuendelea kumwandikia. Akaondoa kiganja.

"Ni mimi," alisema. "Nilikubali kwa maandishi. Nilisoma ukurasa wa kwanza tu."

Bwana wa nyanda kavu akasema, "Mimi ulinirudishia mara nane, mama." Hakusema kwa hasira. Akaaga kwa heshima zote anazostahili mtu mzima, akamtakia jioni njema yeye na mzee, akakata simu. Mbuzi bado wanachanjwa katikati ya ukame, na yeye bado anaihesabu mizoga, wanasema, lakini haandiki tena.