Mtihani wa Mkono Kwenye Josho la Chaka

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hivyo nikiandika vibaya mtanivumilia. Lakini ng'ombe nawajua. Au nilidhani nawajua, mpaka binti yangu, kitinda mimba, alipofanya mtihani wake.

Alikuwa amemaliza chuo cha afya ya mifugo. Mambo ya vitabu alikuwa amepita. Kilichobaki ni mtihani wa mkono: unaingiza mkono nyuma ya ng'ombe, unamwambia mtahini kama ana mimba au hana. Ukipita, bodi inakuandika na unapata leseni ya kutibu. Ukianguka, unarudi nyumbani kungoja. Yeye alikuwa ameshaanguka mara moja, kwa sababu alikisia.

Wakulima tuliombwa kupeleka ng'ombe kwenye josho la zamani hapa Chaka. Nilipeleka wangu mbio, na niseme ukweli, haikuwa kwa wema. Nilijua ana mimba ya miezi mitatu. Alikuwa amepandishwa mbegu, na sikumwona akitaka dume tena. Ningemwonaje? Nilikuwa Kangari kwa dada yangu, aliyeteguka mguu akichuma majani chai. Nilikaa huko karibu mwezi. Anaishi katikati ya chai na chai yake ni kama maji ya mvua, lakini hayo tuyaache.

Asubuhi ya mtihani, nikikamua, nilimnong'oneza binti yangu, "Hii yetu iko na mimba. Ukifika kwake sema miezi mitatu, umalize."

Aliendelea kukata kucha.

Mtahini alikuwa mzee mfupi wa koti jeupe, uso mkavu. Kila mwanafunzi alipewa ng'ombe watano. Binti yangu alipata wanne sawa. Wa tano akawa wangu, amebanwa kwenye mbao, anatafuna tu. Binti yangu akavaa glavu ndefu ya kufika begani, akaingiza mkono. Mimi nilikuwa kando ya ua na wanawake wenzangu, namtikisia kichwa, ndiyo, ndiyo. Jirani akaniuliza kama shingo inaniuma.

Alikaa sana na mkono huko ndani. Akanitazama. Halafu akamgeukia mtahini.

"Hana mimba, daktari. Yuko tupu."

Niliona leseni ikienda. Nikaropoka mbele ya watu wote kwamba huyo ng'ombe ni wangu, na mimi ndiye ninayejua alivyo. Mtahini akaniambia ninyamaze ama niende nyumbani. Kisha akamuuliza binti yangu, "Mwenye ng'ombe anasema ako na mimba. Wewe unasemaje?"

"Mwenye ng'ombe ni mama yangu," akasema, "na aliniambia hivyo asubuhi. Lakini mkono wangu haujapata kitu."

Nilitamani josho linimeze. Mtahini alivaa glavu yake, akaingiza mkono mwenyewe, akautoa, akaandika kwenye karatasi.

"Ni tupu kweli. Umepita."

Nikapiga ngemi, vile vigelegele vyetu. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vitano, wa kike vitatu. Mimi nilipiga vitano, na pumzi ingebaki ningeongeza. Jirani akaniuliza, "Cucu," ndivyo tunavyoitwa sisi mabibi hapa, "ng'ombe yako iko tupu na unashangilia?" Nikamwambia aniache, kuhusu maziwa nitalia kesho. Hata yule mtahini nilimwona akificha kicheko nyuma ya karatasi zake.

Kabla leseni haijafika, ng'ombe alianza kutaka dume. Nilimbembeleza binti yangu ampandishe, ni wa nyumbani, nani ataona? Akakataa kabisa bila leseni. Leseni ilipofika, ikiwa na jina lake na namba yake, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumpandisha huyo huyo. Miezi mitatu baadaye akavaa glavu tena. Aliingiza mkono, halafu akaanza kucheka peke yake huko nyuma ya ng'ombe. "Mama, sasa unaweza kusema miezi mitatu."