Unga Mweupe Kuliko Wote

Nianze na kosa, maana nimelibeba muda mrefu na kulificha hakujalipunguza uzito. Unga uliomwangusha mama yangu niliutengeneza mimi. Ulikuwa mweupe kuliko unga wowote uliowahi kuingia nyumbani kwetu, na mimi nilijivunia weupe ule kama wengine wanavyojivunia cheti.

Cheti sina. Niliishia kidato cha pili. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, kwa redio, na kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mtu anayejifundisha mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia hapo inatosha, kwa hiyo mimi huwa siachi. Nafagia uwanja mara mbili. Nikifunga mlango narudi kuushika. Barua ya mistari minne naiandika na kuifuta hadi karatasi inatoboka. Naogopa kukosea mpaka usingizi unakata. Nayasema haya wazi kwa sababu usipoyajua hutaelewa ilikuwaje nikakosea vile.

Kwetu ni Kitahana, wilaya ya Kibondo. Chakula chetu ni ugali wa udaga, yaani mihogo michungu iliyomenywa, ikavundikwa majini siku nne au tano mpaka ikalainika, ikaanikwa mwambani, ikasagwa. Kazi kubwa wanafanya maji. Ndiyo yanayoondoa sumu ya muhogo, ingawa kwetu hakuna anayeiita sumu. Tunasema uchungu.

Bondeni kuna chemchemi, na pembeni yake kila kaya ilikuwa na shimo lake la kuvundikia. Mwaka ninaousimulia mvua ilikata mapema, kabla maharage hayajajaza maganda. Jua likashika. Mvua ambazo mama anasema zamani hazikuvuka mwezi wa kumi zilifika mwezi wa kumi na mbili. Ilipofika mwezi wa tisa, ungeweza kusuka kichwa kizima ukisubiri ndoo moja ijae. Mashimo yakakauka moja baada ya jingine, likabaki moja tu lenye maji. Akina mama wakakubaliana zamu, siku nne kwa kila kaya, na wa zamu inayofuata akae tayari na mihogo yake iliyomenywa.

Mama alikuwa Kasulu akimuuguza dada yake, mama yangu mkubwa, aliyevunjika mkono. Kwa mara ya kwanza udaga wa mwaka mzima ukawa mikononi mwangu. Alinipigia simu.

"Usitumie macho," aliniambia. "Tumia kidole gumba na pua. Muhogo ukibonyea kama parachichi lililoiva, toa. Usipobonyea, uache, hata wakikutukana."

"Ndiyo, mawe," nilimjibu. Kwa Kiha mama ni mawe.

Siku ya pili, jua likiwa halijafika utosini, jirani yetu aliteremka na beseni lake la mihogo kichwani. Zamu yake ilikuwa bado siku mbili, lakini alilitua akakaa juu ya jiwe. Ni mama wa watu wazima, mcheshi, sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde.

"Mwanangu," aliniuliza, "hiyo mihogo yako inasomea udaktari? Mbona haimalizi masomo?"

Waliokuwa wanateka maji wakacheka. Hakuwa na ubaya, nami nilijua. Lakini mimi nikichekwa masikio yanawaka na akili inahama. Nilibonyeza muhogo mmoja. Nje ulikuwa laini, ndani mgumu kama kuni. Nilibonyeza mwingine, vilevile. Nikaitoa yote.

Nilijiambia nitaisahihisha kwa usafi. Nilikata vipande vyembamba, nikasugua mwamba, nikavipanga bila kimoja kugusa kingine, nikavigeuza kimoja kimoja. Kwa jua lile vilikauka kwa siku mbili, vikawa kama chaki. Udaga wa kweli una ukijivu kidogo na una harufu yake ambayo mgeni huikunjia uso. Wangu haukuwa na harufu yoyote. Niliposagisha, yalipatikana magunia manne, na wanawake walikuja kutazama.

"Huu umeufua kwa sabuni?" jirani aliniuliza.

Sijawahi kulala usingizi mzuri kama wa siku ile.

Mama aliporudi alichota unga kiganjani, akaunusa.

"Mbona haunuki?"

"Niliuosha vizuri, mawe."

Alikuwa amechoka na safari. Alicheka, akasema basi nimemzidi. Maharage hayakuwepo, kwa hiyo tulikula ugali na sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa, mchana na jioni, siku baada ya siku. Mama alikuwa anashiba. Mimi nikiwa na wasiwasi sili, nadonoa tu, na ndiyo maana nilibaki wima.

Siku kumi hazikupita. Mchana mmoja wa joto kali alikuwa anapandisha na ndoo. Nilimwona akisimama njiani kama aliyesahau kitu. Alitua ndoo polepole, asimwage hata tone, kisha akaanguka pembeni yake. Nilipomfikia alikuwa anatapika na kichwa kinamzunguka.

"Miguu yangu iko wapi?" aliniuliza. Aliniuliza kweli, kama mtu anayeulizia viatu.

Tulimpandisha pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, hadi zahanati. Muuguzi wetu anatoka Tanga, Kiswahili chake kinateleza kiasi kwamba watu wengine huenda kupima presha ili wamsikilize tu. Alimlaza mama, akamtundikia dripu ya maji, kisha akavuta kiti.

"Mmekula nini, mama yangu?"

"Ugali."

"Na jana?"

"Ugali."

"Wa mihogo. Mliivundika siku ngapi?"

"Nne," mama alijibu, kwa uhakika wa mtu anayemwamini mwanawe.

Nilitazama sakafu. Ningeweza kuiacha ile nne isimame. Nikasema, "Mbili. Hazikutimia hata mbili."

Mama aligeuza kichwa juu ya mto wa kitanda akanitazama. Afadhali angenipiga.

Muuguzi hakunigombeza. Alisema ukame unaongeza sumu ndani ya muhogo wenyewe, kisha ukame huohuo unaiba maji ya kuitoa. Aliwahi kufanya kazi kusini, akaona kaya nzima zimeumwa hivi. Safari hii mwili ulikuwa unamwonya mama, lakini mtu akiendelea kula udaga wa namna ile wiki kwa wiki, bila maharage wala dagaa, miguu inaweza kukakamaa siku moja na isirudi tena.

"Nyumbani yamebaki magunia karibu manne," nilisema. "Hatuna kingine mpaka mavuno."

"Usitupe," alinijibu. "Uloweshe."

Alinieleza. Tia unga mkavu bakulini, weka alama unapoishia. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya mkeka, unene usiozidi upana wa ukucha wa kidole kidogo. Uuache kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inaondoka na hewa. Upike siku hiyohiyo.

Niliandika, nikamwomba arudie, akarudia. Nikamwomba tena.

"Dada, hii mara ya nne."

"Ya tatu," nilimsahihisha, na mama, dripu ikiwa mkononi, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nyumbani hakucheka. Kwetu mtu mzima huona aibu kulowesha unga. Unga ukilowa ni kwamba paa linavuja au mke mzembe.

"Nimezaliwa Burundi, nimelelewa kambini, nimekuwa raia hapa," alisema akiwa amejiegemeza ukutani. "Nimekula unga wenye wadudu, unga wenye mchanga. Sijaona mtu mwenye akili zake anaumwagia maji halafu anauanika."

Mara ya kwanza nilimthibitishia kuwa ana haki. Niliogopa mkeka usitoshe, nikatandaza unene wa kiganja. Niliogopa saa mbili zisitoshe, nikauacha hadi kesho yake. Uligeuka tope chachu ambalo hata kuku walilikwepa. Nilikaa karibu na mkeka ule nikalia. Ule unga ulikuwa chakula chetu, na kosa lilikuwa langu tena. Nilifungua daftari nikayasoma maneno ya muuguzi. Sikuwa nimeyafuata. Nilikuwa nimeyaongezea woga wangu.

Kesho yake nilifanya kama yalivyoandikwa, bila kuzidisha. Alama nilipiga kwa mkaa ndani ya bakuli. Unene nilipima kwa ukucha, kila pembe ya mkeka. Jua lile lililotukaushia chemchemi nikaliacha lifanye kazi. Baada ya dakika chache harufu ilipanda, kali, ya kukaba koo, kama majani ya mihogo yaliyopondwa. Unga wangu usionuka kitu ulikuwa unanuka hatimaye. Nilirudi nyuma nikasimama nikiitazama hewa.

Nilipika, nikala peke yangu, sahani nzima, mimi ninayedonoa. Siku tatu nilikula hivyo mchana na jioni, huku mama akila viazi vya jirani na kunitazama kama mtu anayetazama mpira. Siku ya nne alisukuma viazi.

"Lete hapa. Siwezi kukaa namwangalia mwanangu anashiba peke yake."

Alimega, akachovya kwenye dagaa tulioshauriwa kununua, akatafuna kwa muda mrefu.

"Umepoa," alisema. Kwake hiyo ni sifa.

Kichwa hakikuzunguka. Wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Miguu ikamrudia taratibu, kwanza hadi mlangoni, kisha hadi kwa jirani. Asubuhi moja niliamka nikakuta ndoo haipo. Nilikimbia hadi ukingo wa bonde nikamwona anapandisha, ndoo kichwani, mikono yote miwili imeachia, anaimba. Nilitaka kumkaripia. Badala yake nilikaa pale ukingoni nikausikiliza wimbo.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Bondeni wanawake walilalamika kuumwa vichwa. Jirani yetu alikuwa anafunga kitambaa kwenye paji la uso kila alasiri, anasema ni jua. Nilijua la kufanya, na nilijua kwamba sitaweza kulisema bila kukiri kosa langu kwanza. Nililiandika nyumbani mara sita. Siku nilipoteremka nilikuta wako saba au wanane wanangoja maji, na karatasi nikawa nimeiacha.

"Mnaukumbuka udaga wangu mweupe?" nilisema. "Niliutoa kabla ya siku mbili. Ndio uliomwangusha mama."

Hata aliyekuwa anakinga ndoo aliiacha ifurike, kwa shida ile ya maji. Masikio yangu yaliwaka. Ndipo jirani akavua kitambaa chake kichwani akakikunja mapajani.

"Mimi siku moja na nusu," alisema.

"Hee!" mwingine akasema. "Kumbe mimi mwenye mbili nzima ni malaika!"

Kicheko kilichozuka nilihisi kilisikika hadi Kibondo mjini. Kila mmoja alikuwa ametoa mapema kwa kumwogopa anayefuata, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Kaya nzima zilikuwa zinakula kosa moja na kufichana. Niliwaeleza alama, ukucha na saa mbili. Mama aliteremka katikati ya maelezo, ndoo kichwani, hivyo shahidi sikuhitaji kumtafuta.

"Ninyi chekeni," alisema, "lakini mkeka utandazeni kama anavyosema. Huyu akipima amepima."

Wiki ile ukisimama juu kwetu uliona mikeka uwanja kwa uwanja, myeupe chini ya jua. Muuguzi alipita na pikipiki, akasimama, akaomba bakuli aone alama ya mkaa. Alituambia wenye kulalamikia vichwa mchana walikuwa wanapungua zahanati. Jirani alikitumia kitambaa chake kufunikia chungu.

Mvua zilipokuja zilikuja kwa fujo, upepo na mawe, kwa sababu siku hizi hazijui kuja kwa adabu. Lakini mashimo yalijaa, na mama akaingia majini mwenyewe kuvundika, siku tano kamili, kidole gumba na pua. Tunalowesha hata hivyo. Ameamua.

Juzi mama mkubwa alipiga simu kutoka Kasulu. Kwao nako maji yamepungua na udaga umeanza kuleta kizunguzungu. Mama alichukua simu akakaa kizingitini, mimi nikasimama nyuma yake na daftari, tayari kusahihisha.

"Sikiliza, dada. Piga alama na mkaa. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga utashuka, usitishike, utapanda. Ukucha wa kidole kidogo, siyo kidole, ukucha! Saa mbili za jua, usizidishe kwa woga, mwanangu alizidisha kuku wakamkimbia. Na upike siku hiyohiyo."

Nilingoja akosee. Alimaliza yote, kwa mpangilio, hadi dagaa. Nilifunga daftari. Mama alinipa simu, akainuka kwa miguu yake miwili bila kushika ukuta, akaenda kuuondoa mkeka kabla wingu halijafika.