Mjusi Ndani ya Kabati la Vitumbua

Mie shule niliiona kwa nje zaidi kuliko kwa ndani, na nyumba hii ya Madungu, hapa Pemba, nimeijenga mwenyewe, kwa vitumbua kwanza, kisha kwa karafuu. Nalisema mapema ili mtu asidhani kuna mtaalamu aliyenifundisha haya. Hakuna. Niliharibu mwenyewe na nikatengeneza mwenyewe.

Mkungu wa ndizi uliletwa kutoka shambani kwangu Kengeja juu ya gari ya abiria, umefungwa kamba ya nailoni. Nilipoikata kamba jikoni akaanguka mjusi. Si yule mweupe wa ukutani. Huyu alikuwa kijani kama jani changa la mgomba, na mguu mmoja wa nyuma anauburura, maana kamba ilimbana njia nzima. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, ambaye tunapakana naye ukuta, alikuwa kakaa mlangoni anasubiri chai. Akavua ndara.

Kwetu mjusi huuliwa. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba ndiye aliyeupulizia moto wa Nabii Ibrahim uzidi kuwaka, na anayemuua hupata thawabu. Sikuwahi kubishana na hilo. Lakini asubuhi ile nilichukua kawa la kufunikia chakula, nikamfunika.

"Shemeji, ondoa kawa nipate thawabu yangu," alisema.

"Thawabu katafute kwako. Huyu kaingia kwangu na ndizi zangu."

"Yuno ndiye aliyepuliza moto."

"Aliyepuliza alikuwa mweupe. Huyu wa kijani siku hiyo alikuwa Pemba."

Akacheka, akavaa ndara yake.

Nilimtia kwenye chupa ya kioo nikamwinua juani. Ngozi ya tumbo ilikuwa nyepesi, na ndani yake nikaona mayai mawili meupe, yamekaa ubavu kwa ubavu. Umri wote huu nilikuwa sijawahi kumtazama mjusi tumboni. Uwanja wangu nimeusakafia kwa saruji na paka wa mtaa hulala humo, kwa hiyo kumwachia na mguu ule ilikuwa ni kuwaandalia paka. Nikaamua atakaa kwangu mpaka apone na atage.

Nyumba yake nikaitoa stoo: kabati la vioo nililoanzia kuuza vitumbua. Kioo cha nyuma nikakitoa, nikapigilia chandarua ili hewa ipite. Shemeji aliniletea mchanga wa pwani ya Makoongwe, mweupe safi, wa kutandika chini. Nikaulamba. Chumvi tupu. Nikamrudishia ndoo yake.

Mie nikatandika makonyo, vile vijiti vinavyobaki ukishachambua karafuu. Makavu, safi, hayaoti ukungu, hayaingiwi na mdudu. Kisha nikasimamisha tawi bichi la mkarafuu apande. Mtu wa Pemba akiumwa jino huweka karafuu, akiumwa tumbo huchemsha karafuu, na nguo za thamani huzilaza na karafuu. Nikaona nimempa malazi ya kifalme.

Kesho yake asubuhi hakuwa kijani. Alikuwa rangi ya majivu ya jikoni, kajibana kwenye chandarua, pua kaitia tunduni, mdomo wazi. Nilimgusa, hakukimbia. Mchwa niliomtilia chakula walikuwa wamelala chini, miguu juu, wote.

Shemeji akachungulia. "Shemeji, umeivuta mwenyewe thawabu. Ungeniachia mie ingekuwa haraka."

Mie nilikuwa nawatazama wale mchwa. Nguo twazilaza na karafuu ili wadudu wafe au wakimbie, na hilo hakuna asiyelijua kisiwani. Sasa mie nimemlaza juu ya dawa ya wadudu mtu ambaye chakula chake ni wadudu, na mwenyewe ni mdogo kuliko kidole changu. Nikamtoa, nikamrudisha chini ya kawa penye upepo. Kisha nikatia kichwa changu ndani ya kabati, nikajifunika kanga na kuvuta pumzi. Macho yalinitoka maji kabla sijahesabu tatu. Karafuu imenijengea nyumba, ni kweli, lakini hata mie silali ndani ya gunia lake.

Nikaliosha kabati kwa maji ya moto matupu, bila sabuni wala dawa ya chooni, nikalianika juani mpaka harufu ikabaki ya kutafuta. Kisha nikaanza upya, safari hii kwa ulimi, pua na kisu. Kila kijiti nilikivunja kwanza nitazame kinatoa nini. Tawi la mkorosho lilitoa utomvu unaobabua ngozi, nikalitupa. Mnyaa nao maziwa yake huharibu macho, na huyu mjusi macho yake huyalamba kwa ulimi, nilimwona mwenyewe. Mwanzi mkavu hautoi kitu, tena una tundu la kujificha. Huo nikauchukua. Makumbi ya nazi nilitaka, ila si yale yaliyofukiwa pwani yakanywa chumvi. Nilifua nazi zangu nikayachambua kwa mkono. Majani makavu ya mgomba niliyatoa shamba ambalo najua halijapigwa dawa. Udongo nikauchota chini ya mshelisheli, nikaukaanga chunguni ili siafu na mayai yao wafe.

"Leo wapika udongo?" aliuliza shemeji.

"Kaa, nitakupakulia."

Mjusi alirudi kijani taratibu, kichwa kwanza, kisha mgongo. Alikunywa matone niliyonyunyiza juu ya jani, akalamba ndizi mbivu niliyomsagia. Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta shemeji kachutama mbele ya kabati na ganda la nazi mkononi, limejaa mchwa hai.

"Nilikuwa napita tu," alisema.

"Ukipita kesho, leta wengine."

Yeye ndiye aliyeyaona mayai kwanza. Yalikuwa ndani ya mwanzi, yamegandishwa ukutani kama yametiwa gundi, na tumbo la mama limesinyaa. Mguu nao ulikuwa unakanyaga.

Ahadi yangu ilikuwa mpaka apone na atage. Nikapanda gari ya Kengeja na kabati mapajani, mwanzi umesimama vilevile ulivyokuwa ili mayai yasigeuke. Njiani kondakta alipandisha gunia la karafuu akataka kuliweka ubavuni pangu.

"Hilo peleka nyuma," nilimwambia.

"Bibi, weye si ndiye muuza karafuu? Leo zakunukia?"

"Mie hazinisumbui. Nina mgonjwa."

Akalitazama kabati, akanitazama mie, akalibeba gunia mpaka nyuma.

Shambani niliufunga mwanzi kwenye kivuli cha mgomba, mbali na njia ya siafu, nikauacha mlango wa kabati wazi. Alikaa ndani muda mrefu akilamba jicho. Kisha akatoka, akapanda jani, akazunguka upande wa pili nikabaki naona kivuli chake tu, vidole vimetanuka, mguu ule mbovu umeshika kama mingine.